Kompyuta yangu inakunywa maji: kupoza prosesa kwa maji hapa Lamu, makosa yangu yote

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Asalaam aleikum. Nimeahidi mara tatu kwenye nyuzi za watu kwamba nitaleta habari ya mashine yangu. Leo umeme umetulia na bibi kalala, basi naandika. Ni ndefu, tafuteni chai.

Kazi yangu ni kukata video: harusi, Maulidi, mashindano ya mashua. Kompyuta nimeiunga mwenyewe, prosesa ni Ryzen 7 5800X, kadi ya picha RTX 3060, keisi ya mitumba kutoka Mombasa. Chumba changu kiko ndani kabisa ya nyumba ya mawe, ukuta wa matumbawe unene wake karibu nusu mita, dirisha moja dogo linatazama kiwanda, yaani ua wa ndani. Wakati wa kusi hapo ni raha tupu. Lakini kaskazi ikilegea, mwezi wa pili kwenda wa tatu, hewa husimama kabisa, na usiku wa manane kipimajoto changu kinasoma digrii 31.

Prosesa hiyo imeandikwa wati 105, ila ikikazana inaruhusiwa kuvuta mpaka 142, na ikigusa digrii 90 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Yangu ilikuwa inagusa 90 dakika ya tatu tu ya kupika video, yaani kuitoa faili ya mwisho baada ya kukata, halafu inakaa hapo hapo mpaka mwisho. Feni inanguruma mpaka bibi chumba cha pili anauliza kama ile ndege imekosa kiwanja cha Manda inataka kutua kwetu.

Nikasema nipoze kwa maji. Vile vifaa vilivyokuja vimefungwa kiwandani sikuvitaka. Nilitaka kuunga mwenyewe, kipande kwa kipande. Pampu aina ya D5 na bloku ya shaba ya kukalia prosesa niliagiza Nairobi, zikaja kwa basi hadi Mokowe na boti hadi huku. Bei ya pampu peke yake ilikuwa ya mbuzi wa Idi, na si mbuzi mdogo. Hapo pesa ikaisha, na pesa ikiisha ndipo ujanja huanza. Rejeta nikachukua ile ndogo ya hita ya Probox, kwa fundi wa magari Malindi. Mpira nikatumia ule mweupe unaoona ndani, ambao waashi hupimia levo. Maji nikateka kisimani.

Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kilikuwa kosa.

Ilienda vizuri wiki tano, nikajiona fundi. Ya sita pampu ikaanza kukwaruza, kama mtu anatafuna mchanga, na joto likarudi 88. Nikafungua bloku. Kwa ambao hamjaiona kwa ndani: ni bamba la shaba lililochanwa mifereji myembamba mno, upana wake haufiki milimita moja, maji hupita humo kuchukua joto. Yangu haikuwa na mifereji tena. Ilikuwa imejaa uji mweupe, mzito, unateleza. Rejeta nikaitikisa, ikatoa vipande. Mpira wa levo nao umekuwa rangi ya maziwa, huoni kitu.

Kesho naendelea, naona taa inachezacheza.

kutu_na_chumvi

Usiende mbali mwenye uzi. Ila huo uji mweupe naujua kabla hujatueleza. Rejeta ya Probox ni alumini, bloku yako ni shaba. Umetengeneza betri ndani ya kompyuta.

dada_wa_shela

Betri vipi? Sisi wengine tulisoma historia.

kutu_na_chumvi

Dada, wewe uko Shela, boti umeziona zimepandishwa ufukweni. Chini karibu na panga la injini kuna kidonge cha chuma cha kijivu kimefungwa kwa parafujo. Ile ni zinki. Kazi yake ni kuliwa. Metali mbili tofauti zikigusana na kuchovywa kwenye maji yenye chumvi, ile dhaifu hujitoa mhanga, inayeyuka kidogo kidogo, na ile imara inabaki salama. Fundi wa boti anaweka zinki makusudi ili iliwe badala ya panga. Kila baada ya muda anaweka nyingine.

Sasa alumini mbele ya shaba ndiyo zinki yenyewe. Mwenye uzi alizungusha maji ya kisima, yenye chumvi zake, kati ya alumini na shaba mchana na usiku, na yakiwa na joto ndiyo kabisa. Kilichokuwa kinaliwa ni rejeta. Ule uji ni alumini iliyokwisha kugeuka.

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Umeme umerudi. @kutu_na_chumvi umenimalizia somo, na umelieleza kuliko mimi. Mimi nilielezwa na fundi wa boti hapo gatini, nikiwa nimemshikia rejeta kama mtu anayepeleka mgonjwa. Alitazama, akacheka, akanionyesha zinki aliyoitoa kwenye boti, imejaa mashimo kama jiwe la matumbawe. Rejeta yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Bloku niliisugua kwa mswaki na siki, ikarudi. Pampu niliisuuza, Mungu alinisaidia haikuumia.

Mara ya pili nikafanya kwa adabu. Rejeta ya shaba ya milimita 240, yaani ya kubeba feni mbili za 120. Mipira ya kweli ya kazi hii, 10 kwa 16. Na maji ya betri, yale yaliyosafishwa, yanauzwa vituo vya mafuta. Hapa nisimame kidogo: kuna watu wanaita maji ya betri na kumbe wanakupa asidi ya betri, chupa zinafanana na zinakaa rafu moja. Soma lebo. Mwenye duka hajali unaenda kutia wapi.

fundi_mtaa_malindi

Mbona usitie kulanti ya kijani ya gari? Ina dawa ya kutu ndani yake, na huku imejaa kila duka la spea.

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Kiufundi ingefaa, kidogo kidogo iliyochanganywa na maji safi. Lakini nyingi ni ethilini glaikoli, na ile ni tamu na ni sumu. Paka akiramba kidogo tu figo zinakwenda. Na mimi niko Lamu, ndugu yangu! Hapa paka ni wengi kuliko waya. Wawili wanalala juu ya keisi yangu sasa hivi ninavyoandika, kwa ajili ya vuguvugu. Ikivuja usiku, asubuhi nina kesi na mtaa mzima. Nimetia dawa ya kuzuia kutu na ukungu iliyotengenezwa kwa kompyuta, matone tu kwa lita.

Sasa kosa la mara hiyo ya pili, na hili naomba lisomwe polepole kwa sababu ndilo litakalowapata wengi wa huku.

Vitundu vya bloku, rejeta na tangi la pampu vyote vina uzi wa namna moja, unaitwa G robo. Nilipopima nikagundua ni uzi ule ule wa robo inchi wa mafundi bomba na wa mashine za kupulizia rangi. Nikafurahi! Fitingi za shaba nyeupe za kompyuta moja inauzwa bei ya kilo mbili za samaki, na dukani Langoni ya robo inchi naipata kwa pesa za madafu. Nikanunua nne. Nikafunga tepu, nikakaza. Ya kwanza iliingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu kwenye tangi, nikasikia *tik*.

Sauti ndogo sana. Kama kuvunja ukucha.

Fitingi za bomba uzi wake umechongoka, mdomoni mwembamba, nyuma mnene. Unavyozidi kukaza ndivyo inavyozidi kutanua kitundu, na kwenye chuma hiyo ndiyo sifa yake. Kwenye tangi la plastiki ngumu inalipasua. Fitingi za kompyuta uzi umenyooka, haukazi kwa uzi, unakaza kwa pete ya mpira iliyokaa kwenye shingo. Tena unafunga kwa mkono tu, bila tepu, bila spana. Ufa wangu ulikuwa mfupi kuliko punje ya mchele, na maji yalipita.

dada_wa_shela

Pole. Kompyuta ilipona?

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Ilipona kwa sababu haikuwashwa. Hii ndiyo sehemu pekee niliyofuata maelekezo tangu siku ya kwanza. Unapojaza maji, kompyuta yenyewe haipati umeme hata kidogo. Unachomoa pawa saplai kwenye mazabodi, lile bamba kuu la kompyuta, halafu kwenye kile kichwa kikubwa cha pini 24 unaunganisha waya wa kijani na mmoja mweusi kwa kipande cha waya, ili pawa saplai iwake bure na kuendesha pampu tu. Chini ya kila kiungo unatandika karatasi za tishu. Mimi nilitandika na khanga ya zamani. Unaiacha izunguke siku nzima. Karatasi ikilowa unaona doa mara moja.

Na pampu isizunguke kavu. Hizi hazivuti maji kutoka chini, lazima tangi liwe juu yake liishushie. Mwanzo unaiwasha sekunde mbili tatu, unaizima, unaongeza maji, tena na tena. Halafu unainua keisi upande mmoja, upande wa pili, kama unambembeleza mtoto, mapovu yatoke kwenye rejeta. Povu likikaa kwenye pampu utalisikia linagugumia.

mpiga_mbizi

Mimi nina swali la kijinga. Bahari iko mlangoni. Si mngezamisha kompyuta nzima?

kutu_na_chumvi

Si la kijinga. Microsoft walifanya hivyo. 2018 walizamisha pipa kubwa la chuma lenye seva 864 karibu na visiwa vya Orkney, Scotland, wakaja kulitoa 2020. Ila ndani ya pipa hamna maji wala hewa ya kawaida, walijaza naitrojeni kavu, na baridi ya bahari ilikuja kwa mabomba. Maji ya chumvi hayakugusa kompyuta hata tone.

Na bahari ya Scotland si hii ya kwetu, mpiga mbizi. Hii unaingia mwezi wa tatu ni kama umeogeshwa.

fundi_mtaa_malindi

Basi barafu. Ile ya wavuvi. Ndoo moja, zungusha humo, digrii 10. Kwisha.

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Nilishalifikiria hilo, na ashukuriwe Mungu nilikuwa mvivu. Weka glasi ya juisi ya ukwaju baridi mezani saa saba mchana, hesabu mpaka mia. Glasi imelowa nje. Hayo maji hayakutoka kwenye juisi, yametoka hewani. Kwenye joto la 30 na unyevu wa asilimia 75, ambao kwetu ni siku ya kawaida, chochote kilicho chini ya digrii 25 hivi kinatoa jasho. Bloku ikiwa na digrii 10 inalia machozi, na chini yake kuna mazabodi. Nairobi wanaweza kucheza hapo. Pwani hapana.

Kwa hiyo lengo si ubaridi. Lengo ni maji yakae karibu na joto la chumba, yasishuke sana, yasipande sana.

Tangi jipya lilikuja, nikafunga kwa fitingi za haki, nikapima siku nzima, khanga kavu. Matokeo kwa rejeta ya 240, chumba 31: maji yalitulia digrii 39, prosesa 77, haipungui mwendo hata ikipika saa tatu. Feni polepole. Bibi hajauliza ndege tena.

kutu_na_chumvi

Mashallah. Ila nikuchokoze: feni nzuri ya bloku kubwa ya mnara, ile ya bomba sita, ingekupa karibu hivyo hivyo kwa robo ya pesa.

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Kweli kabisa, sibishi. Na ungeingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mazabodi, ukaiwekea prosesa kikomo cha wati 88 badala ya 142 ungepoteza mwendo kidogo tu na joto lingeshuka sana, bure, bila kununua parafujo. Mtu akiniuliza kwa ajili ya kazi tu, nitamwambia afanye hivyo kwanza. Mimi nilitaka maji.

Na maji yana jambo moja ambalo feni haina: yanaweza kulipeleka joto mbali. Feni inalitoa kwenye prosesa na kulimwaga chumbani nilimokaa. Rejeta nayo ni hivyo hivyo, kama iko ndani. Chumba changu kilipanda kutoka 31 mpaka 33 kila nikipika video ndefu. Hapo ndipo nikaanza kulitazama birika.

dada_wa_shela

Usiniambie.

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Kwa wasiojua nyumba zetu: msalani kuna birika la kujengwa, la chokaa, maji ya kuogea na kutawadha yanakaa humo, unateka kwa kata. Ndani kuna visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa limejengewa bakuli la kaure, ili birika likikauka samaki wapate pa kujihifadhi. La kwetu nililipima: urefu mita 1, upana sentimita 80, kina cha maji 75. Lita 600. Liko gizani, ukuta mnene pande tatu, na hata mwezi wa tatu maji yake ni 27 na kitu.

Hesabu nilifanya nyuma ya kadi ya harusi. Kupandisha lita moja ya maji digrii moja kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Kompyuta na pampu zinatoa joto la wati 160 kwenye maji. Saa nne za kupika ni kilojuli 2,300. Gawanya kwa lita 600. Inapanda digrii 0.9. Usiku birika linajipoza lenyewe.

Nikajaribu kwanza kwa ndoo ya lita 20, kwa sababu siku hizi najipima kabla ya kujisifu. Hesabu ilisema digrii 7 kwa saa. Ilipanda 6, nyingine nadhani iliondoka kwa hewa. Nikaamini.

kutu_na_chumvi

Na samaki? Ukizungusha maji ya birika yenyewe utavuta uchafu wote kwenye ile mifereji. Na ukitia koili ya shaba birikani, shaba ni sumu kwa samaki, hata kidogo sana.

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Ndiyo maana wewe ni mwalimu. Mimi nilikuwa nimeshanunua koili ya shaba kwa fundi wa friji. Bibi aliniona nayo mlangoni pa msala. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, samaki hawa wamo humu tangu hujazaliwa." Si kweli, samaki hawaishi hivyo, lakini nani atambishia.

Nikairudisha. Nikatafuta bomba la chuma kisichoshika kutu, mita 6, kipenyo milimita 10, nikalizungusha kwenye sufuria kama chemchemi. Chuma hicho hakipitishi joto vizuri kama shaba, lakini ukuta wa bomba ni mwembamba, haidhuru. Na hakisumbuani na shaba ya bloku kama alumini, ilimradi dawa iko ndani. Maji ya kompyuta yanazunguka ndani ya bomba, ya birika yako nje, hayaonani. Mpira unapita chini ya kizingiti cha mlango. Ukuta sikuutoboa, na sitautoboa. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na hata usingekuwemo, ukuta ule ni wa mababu.

fundi_mtaa_malindi

Umeme msalani? Watu wanatawadha hapo!

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Hakuna waya hata mmoja msalani. Pampu iko kwenye keisi, ya volti 12. Kinachoingia msalani ni mpira wa maji na chuma, basi.

Mwendo wa maji ulipungua kwa urefu wa mpira. Nilipima kwa jagi na saa: zamani lita moja kwa sekunde 20, sasa kwa 30, yaani lita 2 kwa dakika. Wasiwasi wa watu wengi kuhusu kasi hauna maana hapo. Lita 2 kwa dakika inabeba wati 140 kwa kila digrii moja, kwa hiyo yanayotoka kwenye bloku yamezidi yanayoingia kwa digrii moja na ushei tu.

mpiga_mbizi

Namba, namba.

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Jumamosi, harusi ya siku tatu, faili kubwa, chumba 31. Birika lilianza 27.6. Maji ya kompyuta yalitulia 31. Prosesa 69. Chumba kilibaki 31, feni za rejeta nimezichomoa kabisa, kinachosikika ni pampu kwa mbali na kadi ya picha ikijisikia. Waya wa kuhesabu mizunguko ya pampu nimeuchomeka pale mazabodi inapotegemea feni ya prosesa, ili pampu ikisimama nipigiwe kelele.

Baada ya saa nne birika lilikuwa 28.4. Pungufu ya hesabu kidogo, kwa sababu shemeji alioga katikati na tukajaza.

Samaki wote wapo, nimewahesabu, saba.

dada_wa_shela

Na bibi?

mtoto_wa_mkomani (mwenye uzi)

Bibi aliingia kutawadha Magharibi, akatoka anakausha mikono. Akasema mai yana vuguvugu. Nikamwonyesha kipimajoto, nikamwambia haijafika hata digrii moja, mwili haujui tofauti hiyo. Akasema yeye anaijua.

Tumekubaliana napika video baada ya Isha.